Sista Dora, muuguzi aliyehamia hospitali ya ndui

Kutoka kwetu Nechells, treni ya Walsall tunaipanda kituo cha Duddeston. Huko ndiko alikofanya kazi Sista Dora, yaani Dorothy Pattison, Mwanglikana aliyezaliwa Yorkshire mwaka 1832.

Ndui ilipozuka mwaka 1875, watu waliwaficha wagonjwa majumbani kwa kuiogopa hospitali ya karantini. Sista Dora akahamia humo kwa miezi kadhaa, akiwauguza na kusali nao. Ndipo familia zikaanza kuwapeleka. Sisi tulioiona korona mwaka 2020 tunajua kuaminiwa kulivyo kugumu. Na imani yenyewe aliwahi kuitilia shaka!

Ajabu, saratani yake ya matiti aliificha. Alifariki 24 Desemba 1878, jeneza likabebwa na wafanyakazi wa reli.