Chalmers Mitchell: Mtaalamu wa wanyama aliyenusurika ajali ya ndege Tabora

FEBRUARI 27, 1920, ndege ya injini mbili iliyokuwa safarini kutoka Uingereza kwenda Cape Town ilianguka mjini Tabora ilipokuwa ikiruka kuendelea na safari. Injini ilipoteza nguvu kabla ndege haijapata kimo cha kutosha. Ndege iliharibika vibaya na safari ikaishia hapo, lakini watu wote watano waliokuwamo walitoka hai.

Wanne kati yao walikuwa marubani wawili, Stanley Cockerell na Frank Broome, pamoja na mafundi wawili. Wa tano alikuwa abiria pekee, Dk. Peter Chalmers Mitchell, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 55.

Mitchell alizaliwa mwaka 1864 mjini Dunfermline, Scotland, akasoma Aberdeen na baadaye Oxford. Mwaka 1903 alichaguliwa kuwa katibu wa Chama cha Elimu ya Wanyama cha London, wadhifa alioushika hadi mwaka 1935. Katika safari ile alitumwa na gazeti la The Times ili aitazame Afrika kutoka angani na kuwaandikia wasomaji habari zake.

Ndege yao, Vickers Vimy Commercial, iliondoka Uingereza Januari 24, 1920. Baada ya Misri ilifuata mto Nile kupitia Sudan, ikilazimika kutua zaidi ya mara moja kwa sababu ya hitilafu za injini. Hata hivyo ilifika Tabora, mji ambao kwa miaka mingi ulikuwa njiapanda ya misafara ya pembe za ndovu kati ya Bagamoyo na Ujiji, na ambao reli kutoka Dar es Salaam iliufikia mwaka 1912.

Wanyamwezi waliobeba mizigo katika njia hiyo walijua kwamba safari ndefu hutegemea mambo mawili: mzigo usiozidi uwezo wa mbebaji, na vituo vyenye maji na chakula. Usafiri wa anga haukukwepa kanuni hiyo. Tabora iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwenye joto hewa yake huwa nyepesi. Katika hewa kama hiyo mabawa hubeba kidogo, injini hupungua nguvu, na ndege huhitaji uwanja mrefu zaidi. Injini ikidhoofika wakati huo, rubani hubakiwa na nafasi ndogo mno ya kuiokoa ndege. Ndiyo maana leo uzito wa ndege hukadiriwa kwa kuzingatia joto, kimo na urefu wa uwanja kabla ya kila safari.

Ilichukua miaka 12 hadi shirika la Imperial Airways lilipoanzisha safari za kawaida kati ya London na Cape Town, mwaka 1932. Njia hiyo ilipitia Moshi, Dodoma na Mbeya, ikaiacha Tabora kando.

Mitchell alirejea kazini. Alianzisha bustani ya Whipsnade, iliyofunguliwa mwaka 1931, ambako wanyama waliwekwa katika maeneo ya wazi badala ya vizimba vidogo. Baada ya kustaafu alihamia Málaga, Hispania. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1936, aliwahifadhi nyumbani kwake majirani waliokuwa hatarini, ingawa siasa zao hazikuwa zake. Mwaka uliofuata mwandishi Arthur Koestler alikamatwa katika nyumba hiyo hiyo.

Alifariki dunia Julai 2, 1945, baada ya kugongwa na teksi nje ya bustani ya wanyama ya London aliyoitumikia kwa zaidi ya miaka 30. Mtu aliyetoka salama katika ndege iliyoanguka Tabora aliuawa na gari mtaani. Ajali haichagui ukubwa wa safari, na tahadhari ya dakika ya kuondoka ina thamani sawa na ujasiri wa safari nzima.