James Chuma, Mnyapara wa Misafara

Wasomaji wetu wakaao Iringa na Mbeya hawahitaji kufundishwa habari za mvua. Huanza Novemba au Desemba, hukoma Aprili au Mei, na mto uliovukwa jana kwa miguu leo haupitiki. Siku hizi iko barabara ya lami. Katika karne ya 19 nchi hiyo ilipitwa na misafara ya watu mia na zaidi, kila mpagazi akichukua mzigo wa ratili 60 au 70. Mvua ilipowakuta, nguo zilioza, baruti ililowa, homa ikaingia kambini. Na chakula hakikununulika, kwa kuwa wenyeji wenyewe walikuwa wakingoja mavuno. Twapenda kusimulia habari za mtu aliyejua kuvusha watu katika taabu hizo, ambaye jina lake husomwa siku zote nyuma ya majina ya mabwana zake.

James Chuma alikuwa Myao, aliyezaliwa karibu na mwaka 1850. Alikamatwa utumwani angali mtoto, akafunguliwa mwaka 1861 na Dakta Livingstone pamoja na wamisionari wa Kiingereza katika nchi ya mto Shire. Mwaka 1864 alipelekwa Bombay, akasomeshwa na kubatizwa huko. Mwaka 1866 aliingia tena Afrika pamoja na Livingstone katika safari ile isiyokuwa na marejeo kwa bwana wake.

Chuo kikubwa cha Chuma kilikuwa mabwawa ya Bangweulu, mwanzoni mwa mwaka 1873. Mvua ilinyesha mchana na usiku; watu walitembea majini hadi viunoni, na mgonjwa wao akachukuliwa mabegani. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, mwanzoni mwa Mei, Chuma na mwenzake Abdullah Susi ndio waliokuwa wakubwa wa msafara. Wangaliweza kumzika na kwenda zao; hapana ambaye angewalaumu. Wakazika moyo wake chini ya mti, Jacob Wainwright akisoma sala, wakautia mwili chumvi na kuukausha juani, wakaufunga kwa nguo na magome, wakashika njia. Muda si mrefu wengi wakaugua, hata ikawabidi kungoja. Nako kupita na maiti katika nchi za watu kulikuwa hatari kuliko vita. Huko Unyanyembe walikutana na Luteni Cameron, aliyewashauri wamzike hapo. Walikataa. Mbele ya hapo, wenyeji walipotaka kuwazuia, walifanya hila ya kurudisha mzigo wa uongo kana kwamba ndio maiti, na mwili wenyewe wakaufunga mfano wa bidhaa. Februari 1874 walifika Bagamoyo, mwili ukalazwa kanisani kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu.

Aliyesafiri na mwili mpaka Uingereza ni Wainwright. Chuma na Susi walipelekwa baadaye, mazishi yamekwisha, wakamsaidia Horace Waller kutengeneza kitabu cha safari zile.

Sasa twafika nyanda zetu. Mwaka 1879 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtuma Keith Johnston atafute njia toka Dar es Salaam mpaka Ziwa Nyasa, na Chuma akawa mnyapara wa watu wapatao 150. Waliondoka Mei. Mwezi Juni Johnston alikufa kwa kuhara damu huko Behobeho, na uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21. Vitabu husema Thomson aliongoza msafara. Ndivyo; lakini kijana mgeni angewezaje kupatana na wakuu, kupanga hongo, kusuluhisha wapagazi na kuchagua kambi bila mtu aliyekwisha kuyafanya hayo kwa miaka mingi, tena kwa lugha za watu? Wakapanda Uhehe wakati wa ukavu, wakapita Ubena, wakashuka milima mpaka Nyasa mwezi Septemba. Milima ile imepewa jina la Livingstone, naye hakuikanyaga. Aliyeikanyaga ni mtumishi wake.

Toka Nyasa walielekea magharibi, wakafika Ziwa Tanganyika mwanzoni mwa Novemba, mvua zikianza. Thomson alichukua watu wachache kwenda kuutazama mto Lukuga. Walio wengi, pamoja na mizigo, alimwachia Chuma kusini mwa ziwa, penye mto Lofu, msimu mzima wa mvua. Kazi hiyo haina sifa vitabuni, maana hapana mto uliogunduliwa. Lakini kuwakalisha watu zaidi ya mia katika nchi ya ugenini, wasitoroke, wasiibe mashamba ya wenyeji, wasife njaa, ni kazi iliyowashinda wasafiri wengi wenye bunduki nyingi. Thomson aliporudi mwaka 1880 msafara ulikuwapo. Wakarudi pwani kwa njia ya Ziwa Rukwa na Tabora, wakaingia Bagamoyo mwezi Julai.

Chuma alikufa Unguja mwaka 1882 kwa kifua kikuu, umri wake yapata miaka 32. Mwaka uliofuata Thomson alikwenda Umasai na mnyapara mwingine.