Ferris, bwana wa pembea aliyekufa na madeni

Watoto wa pwani huijua pembea ya Idd kabla hawajajua kusoma. Ile ya duara, inayosukumwa kwa nguvu za mikono, ukifika juu tumbo linakwambia shuka. Kwa Kiingereza chombo hicho kimepewa jina la mtu mmoja, Ferris. Wanaolitamka jina hilo ni wengi, lakini wanaojua alivyoishi na alivyokufa ni wachache. Maisha yake yanatuhusu sisi ambao kila tukikaa barazani tunakumbushana viwanja vya kuchezea ambavyo leo havipo tena.

George Washington Gale Ferris alizaliwa tarehe 14 Februari 1859 katika mji wa Galesburg, jimbo la Illinois, Marekani. Angali mdogo, wazazi wake walihamia Nevada, akakulia huko. Alisomea uhandisi katika chuo cha Rensselaer, New York, akahitimu mwaka 1881. Kazi zake za mwanzo hazikuwa na mchezo ndani yake: zilikuwa reli na madaraja. Baadaye akafungua kampuni mjini Pittsburgh, ya kukagua vyuma kabla havijatumika kwenye ujenzi.

Mwaka 1893 Chicago iliandaa maonyesho makubwa ya dunia. Wafaransa walikuwa wamekwisha kuiduwaza dunia kwa mnara wa Eiffel katika maonyesho yao ya Paris ya 1889, na Wamarekani hawakutaka kushindwa. Daniel Burnham, aliyesimamia ujenzi wa maonyesho hayo, aliwataka wahandisi walete kitu cha kuupiku mnara ule. Ferris akaleta mchoro wa gurudumu la chuma la kupanda watu. Wakubwa wakaukataa mwanzoni, wakiona kitu kama hicho kitaanguka kiue watu. Hakukata tamaa. Alitoa fedha zake mwenyewe kulipia uchunguzi wa usalama, akatafuta wenye mitaji, na mwezi Disemba 1892 akapata ruhusa. Misingi ilichimbwa katikati ya baridi kali, ardhi ikiwa imeganda kama jiwe.

Maonyesho yalifunguliwa tarehe 1 Mei 1893 gurudumu likiwa bado halijakamilika. Lilianza kuchukua watu tarehe 21 Juni. Urefu wake ulikuwa futi 264, yaani kama minazi mitatu mirefu iliyopandana. Lilikuwa na vyumba 36, na kila kimoja kikichukua watu 60, hivyo lilipojaa lilibeba watu 2,160 kwa mara moja. Mhimili wake peke yake ulikuwa na uzito wa karibu tani 45. Nauli ilikuwa senti 50, sawa na kiingilio cha maonyesho yenyewe, kwa safari ya mizunguko miwili iliyochukua kama dakika 20. Kabla maonyesho hayajafungwa, watu wapatao milioni 1.4 walikuwa wamelipanda. Wengi wao hawakuwahi kuuona mji kutoka juu kiasi kile maishani mwao.

Mtu angedhani baada ya hapo Ferris alilala juu ya fedha. Mambo hayakwenda hivyo, maana mpanda ngazi hushuka. Alijikuta mahakamani na waandaaji wa maonyesho juu ya mgao wa mapato. Pia alishtakiwa na William Somers, aliyekuwa ametengeneza magurudumu madogo ya mbao kabla yake, akidai ameibiwa ubunifu. Kesi hiyo Ferris alishinda, ila kesi hula fedha hata kwa anayeshinda.

Gurudumu likabomolewa, likahamishwa, na mwaka 1895 likasimamishwa upya upande wa kaskazini wa Chicago, katika bustani ya burudani iliyojengwa kulizunguka. Matumaini yalikuwa kwamba familia zingemiminika. Lakini majirani wenye nyumba zao hapo hawakuitaka bustani hiyo, wakaipinga, na wateja wakawa haba. Madeni yakapanda. Mkewe, Margaret, ambaye alikuwa kwenye chumba cha kwanza wakati wa majaribio ya gurudumu, wakatengana naye. Tarehe 22 Novemba 1896 Ferris alifariki mjini Pittsburgh kwa homa ya matumbo, akiwa na miaka 37 tu. Mwili wake ulichomwa, na majivu yakakaa zaidi ya mwaka mmoja bila mtu wa kuyachukua.

Gurudumu liliishi miaka kumi zaidi yake. Bustani ilifungwa, likauzwa kwa mnada mwaka 1903, likapelekwa St. Louis kwa maonyesho ya 1904. Maonyesho yalipokwisha hakuna aliyelitaka. Mwezi Mei 1906 likalipuliwa kwa baruti na chuma chake kikawa mabaki.

Sasa msomaji, hebu tulirudishe jambo hili nyumbani. Mwaka 1615, zaidi ya miaka 200 kabla Ferris hajazaliwa, msafiri wa Kitaliano, Pietro Della Valle, alipanda gurudumu la mbao mjini Istanbul katika sherehe za Ramadhani. Kwa hivyo pembea ya duara ilikuwa katika sikukuu za Waislamu zamani kabla ya kupewa jina la Mmarekani. Ferris aliikuza, akaitia chuma na injini. Hakuianzisha.

Na hapo ndipo penye funzo. Gurudumu la Ferris lilikuwa kubwa kuliko yote lilipojengwa, likafa kwa kukosa mahali pa kukaa na watu wa kulitetea. Pembea ndogo ya sikukuu imedumu karne nyingi kwa sababu kila mwaka ilipata kiwanja na ikapata watoto. Watoto tunao. Tunachopoteza ni viwanja. Kiwanja kinazungushiwa mabati leo, kesho kinaota ghorofa, na sisi tunabaki kusimulia. Tukisikia uwanja wa mtaa unataka kuuzwa, tuulize mapema, kwa sauti, na kwa pamoja. Ukishajengwa, wajukuu wetu hawatakuwa na pa kuweka pembea, hata tukiwapa fedha za sikukuu.