Marehemu T. B. Jayah: Mwalimu Aliyeingia Barazani

Kisiwa cha Ceylon, ambacho tangu mwaka 1972 chaitwa Sri Lanka, na ambacho Waarabu wa kale walikijua kwa jina la Sarandibu, ni nchi ambayo wengi wa watu wake ni Wabudha. Waislamu huko ni kama mmoja katika kila watu kumi. Tumeonelea tuwaeleze ndugu zetu habari za mwalimu mmoja wa kisiwa hicho, marehemu Tuan Burhanudin Jayah, kwani swali lililomkabili umri wake ndilo linalotukabili nasi katika Kenya: walio wachache waishi vipi na walio wengi, pasi na kupoteza dini yao wala haki yao?

Alizaliwa mwaka 1890 huko Galagedara, karibu na mji wa Kandy, katika jamaa ya Wamalei, ambao wazee wao waliletwa kisiwani na Waholanzi kutoka Java na visiwa jirani, wengine wakiwa askari na wengine wakiwa wamehamishwa kwa nguvu. Alisoma katika skuli za Wakristo, kisha akashika kazi ya ualimu, nayo ikamfikisha katika skuli kubwa ya Wabudha ya Ananda, mjini Colombo. Mtu aliyesoma kwa hawa na kusomesha kwa wale hakuhitaji kuambiwa kuwa Waislamu wameachwa nyuma.

Sababu ya kuachwa nyuma ilikuwa hofu. Wazee wengi walichelea kuwa skuli za wamishionari zingewatoa watoto wao katika dini, wakawazuia. Hofu hiyo haikuwa bure, lakini dawa yake haikuwa ujinga. Mwaka 1892 Siddi Lebbe, mwanasheria wa Kandy, pamoja na wenzake, na kwa kutiwa moyo na Arabi Pasha wa Misri aliyekuwa uhamishoni kisiwani, walianzisha madrasa ya Zahira mjini Colombo. Mwaka 1921 Jayah alikabidhiwa Zahira ingali ndogo na dhaifu. Akaiongoza kwa miaka 27, akafungamanisha elimu ya dini na elimu ya dunia, hata ikawa miongoni mwa skuli zenye sifa nchini, na matawi yakaenea katika miji kama Gampola, Matale na Puttalam.

Mwaka 1924, bila ya kuiacha skuli, alisimama katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria. Zama hizo Waislamu walikuwa na viti vitatu vyao wenyewe, naye akapata kimojawapo. Lakini mwaka 1931 katiba mpya ilivifuta viti vya jamii, ikawapa kura watu wazima wote, wake kwa waume, na Baraza la Dola likachaguliwa kwa majimbo. Lililokuwa haki kwa raia mmoja mmoja likawa msiba kwa jamii iliyotawanyika: mwaka 1936 hakuchaguliwa Mwislamu hata mmoja. Jayah aliingia Barazani mwaka huo kwa kuteuliwa na Gavana.

Hapa ndipo tunapoona uzito wa mtu huyu. Yeye aliyedai kwa miaka mingi kinga kwa Waislamu, alikuwa na kila sababu ya kuuzuia uhuru mpaka apewe dhamana. Hakufanya hivyo. Mwaka 1945, Baraza lilipozungumzia kujitawala, alisimama upande wa uhuru, akaeleza kuwa Waislamu wako tayari kuyaweka nyuma madai yao ili nchi yote ipate heshima yake. Mwezi wa Novemba mapendekezo ya katiba mpya yakakubaliwa kwa kura 51 dhidi ya 3. Mwaka 1947 alichaguliwa katika jimbo la Colombo ya Kati, lenye watu wa dini mbali mbali, akawa Waziri wa Kazi na Huduma za Jamii katika serikali iliyopokea uhuru tarehe 4 Februari 1948.

Uadilifu watulazimu tuseme na lililo zito. Mwaka huo huo wa 1948 serikali hiyo ilipitisha sheria ya uraia iliyowaacha bila ya uraia Watamil wengi wa asili ya Kihindi waliofanya kazi katika mashamba ya chai. Basi kuaminiana peke yake hakutoshi. Sharti kuwepo na sheria ya haki inayomlinda kila mnyonge, awe wa jamii yetu au asiwe.

Kuanzia mwaka 1950 aliiwakilisha nchi yake huko Pakistan. Alifariki Madina tarehe 31 Mei 1960, akiwa katika safari ya Hija, akazikwa huko huko.

Ndugu zetu, kiti cha Baraza hupatikana na hupotea kwa kura ya siku moja. Jayah alikipata, akakikosa, kisha akakipata tena; skuli aliijenga kwa miaka 27, na ingalipo. Anayetaka kuwasemea Waislamu barazani na atuonyeshe kwanza watoto aliowasomesha. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie tuzingatie. Amin.