Imamura, jamaa aliyeionya Tokyo wakamwita mwongo

Wadau, leo tumcheki mzee mmoja wa Japani, Imamura Akitsune. Alizaliwa Kagoshima mwaka 1870, akasomea matetemeko ya ardhi Chuo Kikuu cha Tokyo, akabaki hapo hapo kufundisha. Tena miaka mingi bila mshahara wa chuo! Hela ya kula alipata kwa kufundisha hesabu chuo cha jeshi.

Bosi wake alikuwa Profesa Omori Fusakichi. Kwa umri walipishana miaka 2 tu, lakini Omori jina lake lilivuma mpaka Ulaya na Marekani.

Imamura akazama kwenye kumbukumbu za kale, akipanga tetemeko gani lilipiga wapi na lini. Tokyo, ambayo zamani iliitwa Edo, ilishapigwa vibaya 1703 na 1855. Akaona mambo yanajirudia. Mwaka 1905 akaandika kwenye jarida la Taiyo kwamba ndani ya miaka 50 hivi jiji litapigwa tena, na muuaji mkubwa atakuwa moto, maana nyumba ni za mbao na zimebanana. Akataja vifo 100,000 na zaidi.

Januari 1906 gazeti moja likaikuza habari, mji ukapata kiwewe. Omori akampinga hadharani. Imamura akabaki na jina la mwongo kwa miaka 17.

Kumtetea Omori kidogo: siku ya tetemeko hakuna anayeweza kuitaja, hata leo, na hofu ya watu ilikuwa kweli. Ila katika kuwatuliza, onyo lenyewe nalo likazikwa. Hapo mi naona alichemsha.

Tarehe 1 Septemba 1923, saa 5:58 asubuhi, watu wako jikoni wanapika cha mchana, ardhi ikatikisika. Chanzo kilikuwa chini ya Ghuba ya Sagami. Majiko yakapinduka, mabomba ya maji yakakatika, upepo nao mkali. Kwenye uwanja mmoja tu wa Honjo, walikokimbilia watu na mizigo yao, waliungua kama 38,000. Jumla ya waliokufa ni kama 105,000.

Omori siku hiyo alikuwa Sydney, Australia, kachungulia chombo cha kupimia matetemeko na sindano ikaanza kuchora. Alirudi nyumbani mgonjwa, akafa Novemba mwaka huo huo kwa uvimbe kwenye ubongo. Kiti chake akapewa Imamura.

Angeweza kukaa akatamba, lakini wapi. Akahamia ramani ya kusini-magharibi, pwani ya Nankai, iliyopigwa 1707 na 1854. Mwaka 1928 akaanzisha kituo cha uchunguzi Wakayama, kwa pesa zake. Vita ikaja, vipimo vikakwama. Tarehe 7 Desemba 1944 pwani ikapigwa, na habari ikafichwa na wakubwa wa jeshi. Tarehe 21 Desemba 1946 ikapigwa tena. Kila mara walikufa zaidi ya 1,000.

Siku hizi serikali ya Japani inatoa ramani ya nchi nzima, ilianza 2005. Wanachanganya historia ya matetemeko, nyufa za ardhi na aina ya udongo, halafu kila eneo linapakwa rangi kulingana na uwezekano wa mtikisiko mkali ndani ya miaka 30. Pwani ya Nankai ina rangi nzito kweli kweli.

Imamura hakuiona. Alifariki tarehe 1 Januari 1948.