Zhan Tianyou: Mhandisi aliyetoboa mlima kwa nyundo na baruti

MSAFIRI wa reli ya TAZARA anayetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya huyakumbuka mahandaki yaliyoko kati ya Mlimba na Makambako, ambako treni huingia gizani, ikatoka, na kuingia tena kabla macho hayajazoea mwanga. Milima ile ilitobolewa na Wachina, Watanzania na Wazambia katika ujenzi ulioanza mwaka 1970, baada ya mataifa ya Magharibi kukataa kuigharamia reli hiyo kwa maelezo kwamba isingelipa.

Miaka 65 kabla ya hapo, ni Wachina wenyewe waliokuwa wakiambiwa kuwa hawawezi. Aliyewajibu wakosoaji alikuwa mhandisi Zhan Tianyou, ambaye nchini mwake huitwa baba wa reli za China. Jibu lake liko katika milima ya kaskazini magharibi mwa Beijing, jirani na Ukuta Mkuu: handaki la mita 1,091 lililochimbwa kwa nyundo, tindo na baruti.

Zhan alizaliwa mwaka 1861 katika wilaya ya Nanhai, jimbo la Guangdong, kusini mwa China, katika familia iliyowahi kufanya biashara ya chai kabla ya mambo kuiendea kombo. Wakati huo utawala wa Qing ulikuwa umedhoofishwa na vita dhidi ya wageni na maasi ya ndani, na baadhi ya viongozi wake walianza kukubali kwamba bila elimu ya Magharibi nchi ingeendelea kunyanyaswa.

Mmoja wa waliolisukuma wazo hilo ni Yung Wing, Mchina wa kwanza kuhitimu chuo kikuu nchini Marekani. Kutokana na juhudi zake, serikali ilikubali kupeleka Marekani wavulana 120, makundi manne ya watoto 30 kila mwaka kuanzia 1872. Walitakiwa kukaa huko miaka 15.

Wazazi wengi wenye uwezo walikataa kuwatoa watoto wao. Baba yake Zhan naye alisita, na haishangazi, kwani alitakiwa kutia saini hati inayoeleza kwamba mtoto akiugua au akifa ugenini, serikali isingelaumiwa. Aliyemshawishi ni rafiki wa familia kwa jina la Tan, ambaye aliahidi kumwoza kijana huyo binti yake. Saini ikawekwa, na Zhan akaondoka na kundi la kwanza akiwa na umri wa miaka 11. Ahadi ya ndoa nayo ilitimizwa mwaka 1887, alipomwoa Tan Juzhen.

Nchini Marekani aliishi katika nyumba ya familia moja jimboni Connecticut, akasoma sekondari mjini New Haven na kucheza besiboli pamoja na Wachina wenzake. Mwaka 1878 alijiunga na Chuo Kikuu cha Yale kusomea uhandisi wa ujenzi, hasa wa reli, na kuhitimu mwaka 1881.

Alihitimu katika dakika za mwisho. Mwaka huo huo Beijing iliwaita wanafunzi wote warudi, baada ya maofisa wahafidhina kulalamika kwamba vijana wamekuwa Wamarekani, wengine wakikata misuko yao ya nywele na kwenda kanisani. Miongoni mwa wavulana wote waliopelekwa, ni wawili tu waliokuwa wamekwishapata shahada, mmoja wao akiwa Zhan.

Mtu angetarajia kwamba nchi isiyokuwa na mhandisi wa reli ingemkimbilia. Haikuwa hivyo. Mwaka 1877 serikali ilikuwa imeing'oa reli fupi iliyojengwa na wafanyabiashara wa Kiingereza karibu na Shanghai, na Zhan aliporejea China ilikuwa na takriban kilomita 10 tu za reli, zilizokuwa zikibeba makaa ya mawe huko Tangshan. Kijana aliyesomea reli akapelekwa kwenye chuo cha wanamaji mjini Fuzhou kujifunza kuongoza meli, kisha akawa mwalimu. Miaka saba ikapita.

Mwaka 1888 ndipo alipopata kazi katika kampuni ya reli mjini Tianjin, chini ya mhandisi Mwingereza, Claude Kinder. Jina lake lilianza kusikika katika ujenzi wa daraja la Mto Luan, ambako wageni walishindwa kusimamisha misingi kwa sababu ya mchanga na kasi ya maji. Zhan alitumia masanduku makubwa yaliyozamishwa mtoni na kujazwa hewa yenye mgandamizo, ili wafanyakazi wachimbe humo bila maji kuingia. Daraja lilikamilika mwaka 1894, na mwaka huo huo taasisi ya wahandisi wa ujenzi ya Uingereza ikamkubali kuwa mwanachama.

Mtihani mkubwa ulimkuta mwaka 1905. Serikali ilitaka reli ya kilomita zipatazo 200 kutoka Beijing hadi Zhangjiakou, lango la biashara na Mongolia. Uingereza, iliyokuwa na mkopo wake katika reli za kaskazini, ilitaka mhandisi wake asimamie. Urusi nayo ilidai kuwa kaskazini mwa Ukuta Mkuu ni eneo la maslahi yake. Mvutano huo ulimalizika kwa njia ambayo pengine pande zote mbili ziliiona kama mzaha: reli ijengwe na Wachina watupu, kwa fedha zao, bila mhandisi wa kigeni.

Inasimuliwa kwamba wageni walisema mhandisi Mchina wa kuijenga njia hiyo alikuwa bado hajazaliwa. Zhan, aliyeteuliwa kuwa mhandisi mkuu, alifahamu kwamba akishindwa aibu isingekuwa yake peke yake. Kila mkopo uliofuata ungekuja na msimamizi wa kigeni, na kila kijana wa Kichina aliyesoma uhandisi angeambiwa akatazame kaskazini mwa Beijing.

Tatizo lilikuwa bonde la Guangou, kati ya Nankou na Badaling, ambako milima husimama ghafla. Zhan na wasaidizi wake wachache, wakiwamo wahitimu wa chuo cha reli cha Shanhaiguan, walipima njia zaidi ya moja. Njia nyingine ilikuwa na mwinuko mdogo, lakini ilihitaji mahandaki mengi na fedha ambazo hazikuwapo. Akachagua Guangou, njia ya mkato na ya gharama nafuu, akijua ugumu wake. Mwinuko wake ulifikia mita 33 kwa kila mita 1,000, kiwango ambacho vichwa vya treni vya mvuke wa zama hizo vilikipanda kwa shida.

Hapo ndipo alipobuni jambo linalokumbukwa zaidi. Badala ya kulazimisha reli ipande moja kwa moja na kuingia katika handaki la takriban mita 1,800, alilaza njia kwa umbo la herufi ya Kichina yenye maana ya mtu, ambayo ni mistari miwili inayokutana kileleni. Treni ilipanda mguu mmoja ikivutwa na kichwa cha mbele na kusukumwa na kingine nyuma. Ilipofika kituo cha Qinglongqiao ilisimama, njia ikabadilishwa, na kichwa cha nyuma kikawa cha mbele kuivuta kwenye mguu wa pili. Kwa kupanda juu zaidi kabla ya kuingia mlimani, treni ilihitaji handaki fupi, nalo likapungua hadi mita 1,091.

Mbinu ya kurudi nyuma na mbele mlimani ilikuwa ikitumika katika nchi nyingine, kwa hiyo si kweli kwamba Zhan ndiye aliyeivumbua. Ubora wake ulikuwa katika hesabu. Kila mita ya handaki aliyoiepuka ilikuwa ni siku za kazi na fedha zilizookolewa, naye alikuwa hana ziada ya kimojawapo.

Hata hivyo, mita 1,091 hazikuwa mchezo. Sehemu hiyo ya njia ilikuwa na mahandaki manne, na refu kuliko yote likiwa la Badaling. Wakandarasi wa kigeni walijitokeza wakitaka kukabidhiwa kazi ya mahandaki kwa mashine zao, Zhan akakataa. Hakuwa na mashine za kutoboa miamba. Vibarua walitoboa matundu kwa nyundo na tindo, wakajaza baruti, wakalipua, kisha wakaondoa kifusi kwa mikono yao.

Katika handaki la Juyongguan, lenye urefu wa mita 367, alichimba kutoka pande zote mbili. Maji yalitiririka kutoka kwenye miamba na pampu hazikuwapo, hivyo yalitolewa kwa ndoo, na yasimuliwa kwamba mhandisi mkuu mwenyewe alishika ndoo pamoja na vibarua.

Badaling ilikuwa ndefu mno kwa njia hiyo. Zhan aliongeza uchimbaji wa wima kutoka juu ya mlima. Wachimbaji walipofika kimo cha reli waligeuka na kuchimba kuelekea pande mbili, wakati wenzao wakija kutoka kwenye milango ya handaki. Kazi iliyokuwa na sehemu mbili za kuchimbia ikawa na nyingi zaidi, na muda ukapungua sana.

Uchimbaji wa namna hiyo hauna msamaha kwa anayekosea vipimo. Aliye chini ya shimo haoni mlango wa handaki upande wowote. Hutegemea kamba zenye uzito zinazoning'inizwa kutoka juu kumwonyesha mwelekeo. Kosa la upana wa kidole katika kamba hizo huweza kuyafanya mahandaki mawili yapishane ndani ya mlima. Mwaka 1908 sehemu za Badaling zilikutana kama ilivyokusudiwa.

Sifa zote zimemwendea Zhan, na anastahili. Lakini mlima ulitobolewa na vibarua waliofanya kazi katika moshi wa baruti na maji ya baridi, nao hawana sanamu zenye majina yao.

Reli ilizinduliwa rasmi Oktoba 2, 1909 katika sherehe iliyofanyika Nankou, miaka miwili kabla ya muda uliopangwa. Kiasi cha taeli 280,000 za fedha kilibaki katika bajeti, jambo ambalo ni nadra kusikika katika miradi ya ujenzi, ya wakati ule na ya leo.

Umaarufu ulizaa pia hadithi zisizo za kweli. Wachina wengi waliamini kwamba Zhan ndiye aliyevumbua kiunganishi cha mabehewa kinachojifunga chenyewe. Kifaa hicho ni cha Mmarekani Eli Janney, ila jina Janney likitamkwa Kichina lilifanana na la Zhan. Mwenyewe hakupenda sifa isiyo yake: katika kamusi ya maneno ya uhandisi aliyoitoa mwaka 1915, alikiandika kifaa hicho kwa herufi nyingine ili watu wasimhusishe nacho.

Gharama ya uamuzi wake wa kuchagua njia ya bei nafuu ilikuja baadaye. Treni za Guangou zililazimika kuwa fupi na za mwendo wa kinyonga, na katika miaka ya 1950 China ilijenga reli nyingine kupitia bonde la Mto Yongding, yenye mahandaki mengi na mwinuko mdogo. Wanaomlaumu Zhan kwa hilo husahau kwamba mwaka 1905 nchi yake haikuwa ikichagua kati ya reli nzuri na reli bora. Ilikuwa ikichagua kati ya reli hiyo na reli ya mgeni.

Maisha yake baada ya 1909 hayakuwa na ushindi wa namna ile. Alipewa kazi ya reli ya kuunganisha Hankou na Sichuan, akaanza ujenzi huko Yichang. Mwaka 1911 serikali ilipotangaza kuzichukua reli za majimbo na kukopa fedha nje, wananchi wa Sichuan waliasi, na machafuko hayo yakachangia mapinduzi yaliyouangusha utawala wa Qing. Ujenzi ukasimama.

Milima aliyokusudia kuivuka magharibi mwa Yichang iliisubiri karne nzima. Reli ya Yichang hadi Wanzhou, yenye kilomita 377 na mahandaki 159, ilifunguliwa mwaka 2010.

Zhan alibaki kuwatetea wahandisi wa nyumbani. Mwaka 1913 alichaguliwa kuongoza chama cha wahandisi wa China, akihimiza vijana waliotoka vyuoni wapewe kazi halisi na kupandishwa vyeo kwa kupimwa uwezo wao. Mwanzoni mwa mwaka 1919, ingawa afya yake ilikuwa mbaya, alikwenda Vladivostok na Harbin kuiwakilisha China katika kamati ya kimataifa iliyosimamia reli za Siberia na Manchuria. Baridi na ugonjwa wa tumbo vilimzidi, akarejea Hankou na kufariki dunia Aprili 24, 1919. Siku chache zaidi angetimiza miaka 58.

Sanamu yake ya shaba ilisimamishwa katika kituo cha Qinglongqiao mwaka 1922, na mwaka 1982 mabaki yake na ya mkewe yalihamishiwa hapo, mahali treni zilipokuwa zikisimama na kugeuza mwelekeo.

Desemba 30, 2019 China ilifungua reli mpya ya mwendo kasi kati ya Beijing na Zhangjiakou, na safari ambayo ilichukua saa tatu au zaidi ikawa chini ya saa moja. Handaki lake jipya la Badaling lina urefu wa kilomita 12, na kituo kilichomo kiko zaidi ya mita 100 chini ya ardhi. Njia hiyo inapita chini ya kituo cha Qinglongqiao, na treni zake hazisimami hapo.