Maisha ya Zheng He, Jemadari wa Bahari wa Sini

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, hizi ni khabari za Zheng He, Mwislamu aliyeongoza merikebu za mfalme wa Sini mpaka zikafika pwani hii.

Alizaliwa mwaka 1371 katika Kunyang, jimbo la Yunnan, na jina lake la kwanza ni Ma He. Baba yake na babu yake wote wawili walikuwa mahaji, na nasaba yao hupelekwa kwa Sayyid Ajall Shamsuddin Umar wa Bukhara, aliyekuwa liwali wa Yunnan zama za Wamongoli. Kuhiji kutoka Yunnan siku zile hakukuwa safari ya kaskazi moja.

Mwaka 1381 majeshi ya ufalme wa Ming yaliingia Yunnan. Baba akafa mwaka 1382, na mtoto akatekwa, akahasiwa, akapewa Zhu Di, mwana wa mfalme, awe mtumishi wake. Kumhasi mwanadamu ni haramu katika sharia. Lakini dhambi ni ya mtendaji, na mtendwa ni madhulumu.

Kwa Wachina msingi wa adabu zote ulikuwa ni kumtii baba, akiwa hai na akiwa kaburini, na mfalme alihesabiwa baba wa wote. Asiyeacha mwana wa kiume alionekana amewakosea wazee wake. Basi towashi alipungukiwa mara mbili, mwilini na katika nasaba. Zheng He alifanya aliloliweza: alimchukua mtoto wa ndugu yake awe wake, na mwaka 1405 akamtaka waziri mmoja aandike sifa za baba yake, zikachorwa katika jiwe kaburini Kunyang. Jiwe hilo lamtaja marehemu kwa jina la Haji.

Bwana wake Zhu Di, kwa upande wake, alimpiga vita mtoto wa ndugu yake mwenyewe, akamnyang'anya kiti mwaka 1402. Wahubirio utii si lazima wawe wameutenda. Kwa ushujaa wake katika vita hivyo, Ma He akapewa jina la Zheng mwaka 1404.

Kuanzia 1405 hata 1433 alitumwa safari saba. Katika ile ya kwanza watu walipata 27,000 na zaidi. Kabla ya safari ya nne, mwaka 1413, alikwenda Xi'an kutafuta mkalimani, akamchukua Hasan, mkuu wa msikiti wa huko. Bandari zetu alizofikia watu wake ni Mogadishu, Barawa na Malindi. Mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa mbele ya mfalme, na Wachina wakamdhania ni yule mnyama wa baraka atokeaye zama za mfalme mwadilifu. Mfalme hakujitwalia sifa. Alisema ni fadhila za marehemu baba yake. Hapo adabu yao yaonekana waziwazi.

Wachina hawakuwa wageni kabisa kwetu. Sarafu zao zilizofukuliwa Kajengwa, karibu na Makunduchi, mwaka 1945, ni za zama zilizomtangulia Zheng He. Naye hakuacha ngome wala liwali katika pwani hii. Mreno Ravasco alipofika Unguja mwaka 1503 aliteka vyombo vya watu na kuwatoza kodi. Lakini isidhaniwe kuwa Zheng He hakupigana: alimkamata mfalme wa Sarandib akampeleka Sini mwaka 1411.

Lililo zito ni hili. Jiwe lake la Galle, la mwaka 1409, lina lugha tatu: kwa Kichina lamtukuza Buddha, kwa Kitamil mungu wa Wahindi, na kwa Kiajemi Mwenyezi Mungu. Na mwaka 1431 alisimamisha jiwe jingine Changle kumshukuru mungu wa kike wa mabaharia. Wako wasemao kuwa hayo yalikuwa maneno ya dola, naye ni mtumwa wa mfalme. Udhuru huu una nguvu katika jiwe la Galle, kwani lilikuwa la mfalme. Katika la Changle, alilolisimamisha mwenyewe na wenzake, ni dhaifu. Ya moyoni ayajua Aliyemuumba.

Katika safari ya saba watu saba walitoka Calicut kwenda Makka, wakarudi na sura ya Al-Kaaba. Zheng He hakutajwa miongoni mwao. Wengi husema alifariki mwaka 1433, kabla ya kufika kwao. Kizazi cha yule mtoto wa ndugu yake kimebaki Yunnan.